Nani Atamwambia Mkubwa?

Mhadhara kwa wakuu wa taasisi na mameneja, Dar es Salaam



Mada niliyopewa ni ujasiri katika uongozi na namna ya kujenga utamaduni imara kazini. Ni mada pana, na ukiiacha ilivyo itakufikisha kwenye maneno matamu ya semina: dira, dhamira, maono, kisha chai ya saa nne. Nitaibana. Nataka tuangalie jambo moja. Habari mbaya inapozaliwa chini kabisa ya taasisi, kwa mtunza stoo, kwa nesi wa zamu ya usiku, kwa karani wa masjala, inapanda vipi mpaka imfikie mwenye mamlaka ya kuamua? Na ikishafika, aliyeileta anafanywa nini? Naamini ujasiri wa kiongozi unapimwa hapo kuliko mahali pengine popote.

Wengi wenu mmekaa ofisini miaka mingi, kwa hiyo safari ya dokezo mnaijua. Fundi anaandika kwamba pampu imekufa. Msimamizi wake anaandika kwamba pampu ina hitilafu. Mkuu wa kitengo anaandika kwamba pampu inahitaji matengenezo. Ikifika kwenye kikao cha menejimenti, pampu "imo katika mpango wa maboresho", mkurugenzi anashukuru na kuita ajenda inayofuata. Ukiwakamata mmoja mmoja, hutampata aliyesema uongo. Kila mmoja amepunguza makali kidogo ili asimuudhi wa juu yake, na wa juu yake naye hivyo hivyo. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Huyu wa maofisini hapiti. Anakaa ndani na kuzaa.

Mahali ambapo jambo hili lilichunguzwa kwa kina kuliko kwingine ni ndani ya chumba cha rubani. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikutana katika uwanja mdogo wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Hazikupaswa kuwa pale. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa Las Palmas, ndege zote zikaelekezwa kwingine, na Los Rodeos ikajaa. Ukungu ukashuka. Ndege ya shirika la KLM ilisimama mwisho wa njia ya kurukia ikisubiri ruhusa. Ile ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo, na katika ukungu ule hazikuonana.

Rubani wa KLM, Jacob Veldhuyzen van Zanten, hakuwa mtu wa kawaida pale kazini. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya marubani wa 747, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika. Rubani msaidizi aliyekaa pembeni yake ndiye yeye mwenyewe aliyempima na kumpasisha kuendesha aina ile ya ndege, muda si mrefu kabla. Rubani alipoanza kusukuma injini mara ya kwanza, msaidizi alimwambia kwamba ruhusa haijatolewa. Rubani akajibu kwamba anajua, aiombe. Msaidizi alipokuwa bado anazungumza na mnara wa kuongozea, ndege ikaanza tena kwenda. Safari hii msaidizi hakumzuia. Mhandisi wa ndege, aliyekaa nyuma yao, akauliza kama ile Pan Am imeshatoka njiani. Akajibiwa kwa mkazo kwamba imetoka. Hakurudia swali. Sekunde chache baadaye watu 583 wakapoteza maisha.

Naomba mtazame kwa makini umbo la maneno ya yule mhandisi. Aliuliza. Alikuwa na shaka yenye uzito wa roho za watu, akaivalisha joho la swali la upole, kwa sababu mbele yake alikaa mtu ambaye jina lake lilikuwa kubwa kuliko kanuni. Sisi hapa tunaifahamu lugha hiyo vizuri. "Samahani mkuu, labda mimi ndiye sijaelewa." "Mheshimiwa, sijui kama tumeliangalia na upande huu." Mtu anayeanza hivyo mara nyingi ameelewa kila kitu na ameangalia pande zote.

Baada ya ajali hiyo na nyingine zilizofanana nayo, wataalamu wa anga walikutana mwaka 1979 chini ya NASA kuuliza kwa nini marubani hodari wanaangusha ndege ambazo mtu mwingine ndani ya chumba hicho hicho alikwishaona hatari. Mwaka 1981 shirika la United Airlines likaanza kuwafundisha marubani wake jambo lililowachekesha marubani wazee: kusikilizana. Rubani alifundishwa kuomba maoni, na wa chini alifundishwa kutamka shaka yake waziwazi na kuirudia akipuuzwa. Mwaka 1989 ndege ya shirika hilo, DC-10 chini ya rubani Al Haynes, ilipoteza mifumo yote ya kuiongoza ikiwa angani. Haynes aliwashirikisha wote waliokuwa pale, hata rubani mwalimu aliyekuwa abiria wa kawaida, akampa kazi ya kushika mitambo ya injini. Ndege ilivunjika ilipotua Sioux City na watu 112 wakafa, lakini 184 walipona katika hali ambayo wahandisi hawakutarajia apone yeyote. Kwa miaka iliyofuata Haynes alikuwa akieleza kwamba bila mafunzo yale wasingefika hata uwanjani.

Mkiona mfano huu ni wa Wazungu na ndege zao, twendeni Ifakara.

Kati ya mwaka 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi ya vyumba vya upasuaji katika hospitali nane za miji minane. Miongoni mwake ilikuwamo Toronto, London, Seattle, New Delhi, na Ifakara yetu, katika Hospitali ya St. Francis, bonde la Kilombero. Orodha ile ilikuwa ya mambo 19, na ilichukuliwa kutoka katika desturi za marubani. Mengi ni mambo ambayo kila daktari anayajua: huyu ndiye mgonjwa mwenyewe, upande wa kupasua ni huu, dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa, vifaa vimehesabiwa. Lakini kuna moja lililowakera mabingwa wengi. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake.

Kwa nini jina? Kwa sababu mtu aliyekwisha kusikia sauti yake mwenyewe ndani ya chumba kile, na kusikilizwa, huwa mwepesi zaidi kufungua mdomo mara ya pili, anapoona pamba haijatimia hesabu. Katika hospitali zile nane kwa jumla, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Dunia ikashangilia, na orodha ikasambazwa.

Hapo ndipo hadithi inapokuwa na faida kwetu. Jimbo la Ontario, Kanada, liliagiza hospitali zake zote zitumie orodha hiyo. Watafiti wakaangalia hospitali 101 kabla na baada ya agizo, na matokeo yao yalitoka mwaka 2014: hakuna mabadiliko ya maana katika vifo. Karatasi ilikuwa ile ile. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu, na sitajifanya kuumaliza ubishi huo hapa. Mimi nina maoni yangu, na nimeyapata kwa kukaa katika ofisi zetu: jambo likishushwa kwa waraka, watu huweka tiki. Nesi anaweka tiki zote 19 mwanzoni, akiwa peke yake, kabla daktari hajaingia, kwa sababu daktari hapendi kucheleweshwa. Kwenye faili utekelezaji ni asilimia mia.

Nchi hii ina uzoefu wake wa kushusha utamaduni wa kazi kwa waraka, na ni uzoefu ambao tunausahau haraka mno. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitoa Waraka wa Rais Namba 1 ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali Uganda, chama cha TANU kikatoa Mwongozo. Ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, anasa, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Sijui nchi nyingine nyingi ambazo chama tawala kiliwaambia wafanyakazi kwa maandishi kwamba bosi mwenye dharau ni kosa.

Wafanyakazi walikisoma kile kijitabu cha Mwongozo. Wengine walikihifadhi kichwani kuliko mameneja wao. Kati ya 1971 na 1973 kazi zilisimamishwa katika viwanda na mashirika mengi, na ukifuatilia malalamiko yao, kama Profesa Issa Shivji alivyofanya baadaye, utakuta mara nyingi hayakuhusu mshahara. Yalihusu meneja anayetukana, anayewaita watu wazima kama watoto, anayetumia gari la shirika kwa mambo yake huku akiwahubiria wenzake kubana matumizi. Hapa Dar es Salaam, mwaka 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia mwenye kiwanda nje na kuendelea na uzalishaji wenyewe. Serikali mwanzoni iliwakubalia. Wengine walipojaribu kuwaiga, waliletewa polisi.

Mnaweza kusema wafanyakazi wale walivuka mipaka, na ubishi huo ulikuwapo hata siku zile. Ninalolitazama mimi ni mpangilio wake. Mwongozo uliwapa watu wa chini kinywa, lakini haukuwapa kivuli cha kusimama wakishasema. Mabaraza nayo yalikuwa ya kushauri tu, na wingi wa viti ulikuwa wa menejimenti. Aliyesema aliachwa peke yake na bosi aliyemsema. Mpaka leo taasisi za umma zina Baraza la Wafanyakazi, na mwenyekiti wake ni mkuu wa taasisi yenyewe. Nimehudhuria vikao vya mabaraza kadhaa. Bajeti inasomwa, watu wanapiga makofi, mtu mmoja anauliza kuhusu posho ya likizo, mwenyekiti anaahidi kulifanyia kazi, na wimbo wa mshikamano unafunga kikao. Simlaumu anayekaa kimya pale. Ana watoto shuleni, na anajua barua ya uhamisho huandikwaje: kwa manufaa ya umma, kituo kipya kilomita mia tisa kutoka kwake.

Tukizungumza ujasiri wa viongozi wetu, jina linalotajwa upesi ni la Mzee Ali Hassan Mwinyi, na linastahili. Mwaka 1976 kulifanyika operesheni ya vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza dhidi ya watu walioshukiwa kwa mauaji yaliyohusishwa na uchawi. Watu walikamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia kizuizini. Mwinyi alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumgusa mtu kwa mkono wake. Lakini Januari 1977 alijiuzulu, kwa hoja kwamba yaliyotendwa na walio chini ya wizara yake ni mzigo wake. Miaka minane baadaye alikuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, na wanaosema kuwajibika kunamaliza maisha ya kisiasa ya mtu wakumbuke hilo.

Hata hivyo nina neno la kuongeza, na nalisema kwa heshima yote kwa marehemu. Kujiuzulu ni ujasiri wa baada ya msiba. Kabla ya hapo kulikuwa na wiki nyingi ambazo askari, walinzi, waganga na makarani wa mikoa ile walikuwa wanaona kinachotendeka. Habari ile ilikuwa na miguu ya kufika Dar es Salaam. Ilichelewa njiani, dawati hadi dawati, kwa namna ambayo pampu yetu inachelewa. Tunapowafundisha vijana kisa hiki tunawafundisha namna ya kuondoka kwa heshima. Ningependa tuwafundishe pia kuuliza: ni utaratibu gani ungewezesha mlinzi mmoja wa mahabusu aseme mapema, na asikilizwe?

Tumewahi kujaribu njia nyingine pia. Kuanzia mwishoni mwa 2015 neno "kutumbua" liliingia midomoni mwa kila mtu. Kiongozi anafika, anauliza maswali mbele ya kamera, mtu anapoteza kazi papo hapo, wananchi wanashangilia. Nilishangilia pia mara moja mbili, maana wapo waliostahili. Lakini mtumishi aliyeona tukio lile kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, asubuhi yake alirudi ofisini akiwa amejifunza nini? Alijifunza kwamba tatizo likigundulika mikononi mwake, kwake limekwisha. Basi akawa hodari wa kuhakikisha haligunduliki. Kumfukuza mtu hadharani kunahitaji mamlaka tu. Kumwita ndani mtu aliyekuletea hesabu zisizolingana, ukampa kiti, ukamuuliza anaona nini tena, wakati unajua hesabu hizo zitakuaibisha wewe mwenyewe mbele ya bodi, huko ndiko moyo wa mtu unakopimwa.

Na pale ambapo hakuna mkubwa mwenye moyo huo, gharama yote huangukia aliye mdogo. Jirani zetu Wakenya wana kisa cha David Munyakei, karani wa Benki Kuu ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliona nyaraka za malipo makubwa ajabu kwa kampuni ya Goldenberg, kama fidia ya kusafirisha nje dhahabu na almasi. Alizifikisha kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 kashfa ikalipuka. Munyakei alikamatwa, akashtakiwa, na ingawa hakutiwa hatiani, kazi ilikwisha na haikurudi. Miaka ilipita, utawala ukabadilika, tume ikaundwa, akapewa tuzo ya uadilifu. Alifariki mwaka 2006 akiwa hana kitu. Sisi tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na ni vizuri kuwa nayo. Lakini sheria huanza kufanya kazi mambo yakishaharibika kiasi cha mtu kulazimika kutoka nje ya jengo. Utamaduni wa kazi tunaoutafuta ni ule ambao Munyakei angepanda ngazi mbili, akagonga mlango, na akarudi mezani kwake kuendelea na kazi.

Nimeulizwa mara nyingi kama haya yanawezekana kwetu, watu wa shikamoo, watu tuliolelewa kutomkatiza mkubwa anaposema. Swali hili huwa linanishangaza kidogo. Jamii zetu zilikuwa na utani. Msukuma na Mzaramo ni watani: anakuja msibani kwako, anakalia jeneza, anasema marehemu alikuwa mchoyo na deni lake hajalipa, na huna ruhusa ya kukasirika. Anakwambia mbele ya watu wote jambo ambalo mdogo wako hathubutu kulinong'ona. Heshima kwa wakubwa ilikuwapo, na pembeni yake palitengwa mtu ambaye kazi yake ni kusema. Waliounda mpango ule walielewa kwamba mkubwa asiye na wa kumwambia ni hatari kwa ukoo mzima. Na waliweka sharti la maana mno: mtani hakutegemei. Haishi kwa chakula chako, hakai katika shamba lako, huwezi kumfukuza. Ndiyo maana ulimi wake ni huru. Wale tunaowaita chawa leo, wanaozunguka wakubwa na kuwasifia, wako upande wa pili kabisa wa sharti hilo.

Kwa hiyo kwenye taasisi zenu, tafuteni nani anaweza kusimama mahali pa mtani. Mkaguzi wa ndani angefaa, lakini angalieni nani anamjazia tathmini yake ya mwaka na nani anasaini safari zake. Ikiwa ni mkurugenzi yule yule anayekaguliwa, mmemnyima ulimi kabla hajaanza. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi angefaa, mradi asiwe anasubiri kupandishwa cheo na yule anayejadiliana naye. Bodi ina uwezo wa kulirekebisha hili kwa azimio moja la ukurasa mmoja.

Kuhusu mkuu wa taasisi mwenyewe, mambo ya kufanya ni machache na yanachosha kwa udogo wake. Kikaoni aseme mwisho, kwa sababu akisema mwanzo kikao kimekwisha, waliobaki wanamuunga mkono. Akiletewa habari mbaya asiulize kwanza "ni nani alifanya hivi". Aulize imegunduliwaje, na amshukuru aliyegundua mbele ya wenzake. Anapopinga hoja ya mdogo, aipinge kwa sababu zinazoeleweka, ili yule mdogo apate nguvu ya kurudi wiki ijayo na hoja nyingine. Na asimwandikie mtu barua ya kujieleza ndani ya mwezi ule ule ambao mtu huyo ameleta lalamiko, hata kama kuna sababu nyingine ya haki kabisa, maana jengo zima litazisoma tarehe mbili zile na kufanya hesabu yake.

Wajumbe wa bodi mliopo hapa, nawaachia swali la kumuuliza mtendaji wenu katika kikao kijacho cha robo mwaka, baada ya kusomewa mafanikio. Mwombeni ataje mtu mmoja wa ngazi ya chini aliyemletea taarifa ambayo hakupenda kuisikia ndani ya mwaka huu. Akikosa jina, hilo ni jibu tosha. Akilitaja, muulizeni mtu huyo yuko kituo gani sasa.

Naishia hapo. Nimemwomba mwenyekiti, wakati wa maswali, aanze na viti vya nyuma. Wakurugenzi mlioko mbele mtapata zamu yenu muda ukibaki.